Anajiweza, Hajiwezi: Tunapomwita Mtu Tajiri Huwa Tunapima Nini?

Coaster iliyotutoa Makambako kwenda Mbeya ilikuwa imejaa hadi mlangoni, na tulipofika Igawa abiria walikuwa wamegawanyika kambi mbili kwa ajili ya mzee mmoja ambaye hata kwenye gari hakuwemo. Mama aliyeanzisha mazungumzo alisema mzee huyo ni jirani yao huko vijijini Njombe. Ana ekari ishirini za miti ya misindano, ile ya mbao, nyumba ya matofali ya kuchoma na ng'ombe watatu. Wiki iliyopita alionekana kwenye kikundi chao cha VICOBA akiomba mkopo wa laki tatu za kumtibu mkewe.

"Tajiri mzima anakopa laki tatu!" alishangaa yule mama.

"Basi huyo si tajiri, mama," akajibu kijana wa viti vya nyuma. "Tajiri hakopi."

"Mwanangu, matajiri ndio wakopaji wakubwa," akasema baba mmoja aliyejifunika koti zito hadi masikioni. Konda naye hakukubali kupitwa. Kwake yeye tajiri anajulikana: ni mwenye gari, ambaye kila jioni lazima apelekewe hesabu yake, abiria wawepo wasiwepo.

Tulifika Uyole bila mwafaka. Wote wanne walikuwa wakitumia neno moja kwa vitu vinne. Mama alikuwa anazungumzia mali, kijana anazungumzia deni, baba wa koti anazungumzia kuaminika, na konda anamzungumzia mtu anayelala huku wengine wakimtafutia. Ugomvi huohuo huzuka kila nchi inapotajwa kuwa imeingia uchumi wa kati, kijiji kinaposomewa majina ya kaya maskini za TASAF, mfuko wa serikali wa kuzisaidia kaya hizo, au inaposemwa kwamba mikoa hii yetu inayolisha Tanzania ndiyo yenye watoto wengi waliodumaa. Watu hukasirikiana kabla hawajakubaliana wanapima nini. Nataka tuvitenganishe vitu hivi kimoja kimoja, kwa sababu kuvichanganya kunawaumiza watu halisi.

Tuanze na maneno yenyewe

Neno tajiri tulilipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni mfanyabiashara, mtu wa kununua na kuuza. Kiswahili kikalipanua. Leo dereva wa bajaji pale Mwanjelwa akisema "tajiri wangu" hana maana ya mtu mwenye mabilioni. Anamaanisha mwenye chombo, hata kama mwenye chombo huyo ni mwalimu aliyekinunua kwa mkopo wa benki. Upande wa pili tuna ngazi nzima ya kushuka: mwenye shida, maskini, fukara, hohehahe. Mwenye shida leo anaweza kesho asiwe nayo. Hohehahe hana kitu wala mtu.

Lakini neno linalonigusa kuliko yote ni kujiweza. Mtu mwenye maisha mazuri tunasema anajiweza. Hatusemi ana nini, tunasema anajiweza, basi. Na mgonjwa aliyelala kitandani, anayegeuzwa na ndugu zake, tunasema hajiwezi. Mtu asiye na chochote naye tunasema hajiwezi. Wazee waliotuachia lugha hii waliona kwamba hali hizo mbili zinafanana: mwili uliolemewa na maisha yaliyolemewa vyote vinamnyima mtu kufanya lile analotaka, kwa wakati anaoutaka.

Amartya Sen, mwanauchumi wa India aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, alitumia sehemu kubwa ya kazi yake kuwaeleza wenzake jambo linalokaribiana sana na neno hili letu. Alisema tusimpime mtu kwa vitu alivyo navyo tu, bali kwa yale anayoweza kuyafanya na namna anavyoweza kuishi. Mfano wake mmoja ni baiskeli. Kwa mwenye viungo vizima baiskeli ni safari. Kwa mwenye ulemavu asiyeweza kuikanyaga, baiskeli ileile, ya bei ileile, haimfikishi popote.

Sasa tuyatenganishe yale waliyoyachanganya abiria wenzangu. Kipato ni kinachoingia: mshahara, mauzo ya viazi, kibarua, hela ya maziwa. Mali ni ulichonacho: shamba, nyumba, miti, ng'ombe, cherehani. Deni ni sehemu ya mali yako ambayo tayari ni ya mwingine, hata kama bado imelala uani kwako. Na kuna cha nne ambacho watu hukisahau, nacho ni ukwasi kwa maana ile wanayoitumia watu wa fedha: wepesi wa kugeuza ulichonacho kiwe pesa mkononi bila kukitupa kwa bei ya hasara.

Ukitaka kuona tofauti, fikiria saa saba usiku, baridi ya Juni, mtoto ameshikwa na degedege na bodaboda anataka hela yake kabla hajawasha pikipiki. Mwenye ekari ishirini za miti hawezi kumlipa bodaboda kwa msindano. Muuza mitumba mwenye shilingi elfu arobaini kwenye simu, asiye na hata kiwanja, usiku huo anajiweza kuliko mwenye msitu. Kukikucha mambo yanageuka: muuza mitumba akikaa wiki mbili wodini na mtoto, mtaji wake unaisha, ilhali miti ya mwenzake inaendelea kukua hata asipokuwepo. Ukiwauliza majirani nani tajiri kati ya wawili hao, jibu litategemea umeuliza saa ngapi.

Julai na Februari

Huku kwetu mahindi mengi huvunwa kati ya Juni na Agosti. Ukipita Mbozi, Wanging'ombe au Songea vijijini wakati huo, hakuna anayeonekana maskini. Kila ua una mahindi yanayoanikwa, na malori yanapanda hadi njia zisizopitika wakati wa masika. Rudi vijiji hivyohivyo mwezi wa pili. Hapo ndipo utajua nani ni nani.

Tuchukue bei za mfano, zilizo rahisi kuhesabu. Tuseme Julai gunia la kilo 100 ni shilingi 50,000, na Februari ni 90,000. Kaya mbili jirani zimevuna magunia 12 kila moja, na kila moja inakula magunia 8 kwa mwaka. Kaya ya kwanza ina ng'ombe wa maziwa anayeingiza hela ndogo ndogo, kwa hiyo haina haraka. Inaweka magunia 8 ya chakula, na 4 yaliyobaki inayauza inapotaka. Kaya ya pili ilikopa mbolea, ina kijana aliyechaguliwa kidato cha tano anayetakiwa kuripoti na vifaa, na bibi yao anaumwa. Julai hiyohiyo inauza magunia 7. Inabaki na 5. Chakula kinapungua magunia 3, na Februari inayanunua sokoni.

Magunia yale 3 iliyauza kwa shilingi 150,000. Imeyanunua tena, au mengine kama hayo, kwa 270,000. Hakuna aliyekwenda benki, hakuna aliyesaini karatasi, lakini kaya ile imechukua mkopo wa 150,000 na kulipa riba ya 120,000 ndani ya miezi saba. Riba ya asilimia 80. Mavuno yalikuwa sawa, bidii ilikuwa sawa, mvua ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni nani aliyeweza kusubiri.

Kila ninapojaribu kueleza umaskini ni nini, narudi kwenye magunia yale matatu. Maskini hulipa zaidi kwa kitu kilekile, na hulipwa kidogo zaidi kwa kazi ileile, kwa sababu muda wake umeshikwa na mwingine. Mnunuzi anapokuja na gunia la rumbesa lililoshonewa kofia juu, ingawa sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, anayejiweza anamwambia apite na njia yake. Asiyejiweza anajua kwamba amepunjwa, anajua kwa kilo ngapi, na anafunga mdomo. Kagera wana neno butura, yaani kumuuzia mtu kahawa ikingali mtini kwa bei ya kutupa. Mbinga wao huita magoma. Haya si majina ya ujinga wa mkulima. Ni majina ya kukosa kusubiri.

Ndugu wa karibu wa butura mjini ni mkopo unaoitwa kausha damu. Unachukua laki moja, unarudisha laki na thelathini baada ya mwezi, na ukichelewa wanakuja kubeba godoro na televisheni. Watu wenye mishahara huwacheka akina mama wanaokopa hivyo, wakisema hawajui hesabu. Wanajua sana. Muuza nyanya wa soko la Soweto, hapa Mbeya, anayezungusha mtaji kila siku anaijua riba ile kwa senti. Anachokikosa ni mlango mwingine wa kugonga saa ile mtaji umekwama.

Niwe mkweli kwamba kusubiri nako si uchawi. Mahindi yakikaa vibaya yanaliwa na dumuzi au yanaota sumukuvu. Bei nayo inaweza kukusaliti. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei ikaporomoka, na wakulima wa Rukwa, Ruvuma na Songwe waliokuwa wametunza wakitumaini bei nzuri waliumia vibaya. Lakini hata hapo angalia nani aliinuka. Mwenye ng'ombe, duka dogo na kaka mwenye ajira alisononeka, akalima tena mwaka uliofuata. Aliyekuwa ameweka kila kitu kwenye ghala moja aliuza shamba. Kwa hiyo kujiweza si kuweza kusubiri tu. Ni kuweza pia kukosea mara moja bila kuangamia.

Kipato kikubwa cha ghafla hakikupi hilo peke yake. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipanda kupita dola 10,000 kwa tani, kwa sababu mavuno ya Afrika Magharibi yalikuwa mabaya, na neema hiyo ikafika hadi Kyela na Busokelo ambako kakao ipo kwenye migomba nyuma ya nyumba. Mwaka uliofuata bei ikashuka tena sana. Kuna aliyeigeuza neema ile kuwa shamba, bomba la maji au ada ya chuo, na kuna aliyebaki na picha za sherehe kwenye simu. Wote wawili walikuwa na kipato mwaka ule.

Wastani wa mvua

Hapa ndipo tunapokutana na takwimu za serikali, na kelele nyingi za mtandaoni hutokana na kutozielewa.

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania daraja, kutoka nchi za kipato cha chini kwenda nchi za kipato cha kati cha chini. Sababu yake ilikuwa hesabu moja tu: pato la taifa kwa kila mtu lilikuwa limefika dola 1,080 kwa mwaka 2019, na mpaka wa daraja hilo ulikuwa dola 1,036. Watu wakauliza, na bado wanauliza: mbona mfukoni kwangu hakijaingia kitu?

Hakikuingia kwa sababu ule ni wastani, na wastani hauna mfuko. Mkoa wa Mbeya tunauelewa mfano huu kuliko wengine. Miteremko ya Rungwe inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Bonde la Usangu, huko Mbarali, halifiki hata nusu yake. Ukijumlisha na kugawa utapata mkoa wenye mvua nzuri kabisa. Lakini wastani huo haujawahi kulowesha jaruba la mpunga la mtu yeyote Usangu. Anayelilowesha ni mto unaoshuka kutoka milimani, na mfereji, na makubaliano ya nani afungulie maji siku gani. Pato la taifa ni hivyohivyo. Linakwambia wingu ni kubwa kiasi gani. Halikwambii mvua imemnyeshea nani.

Kupima umaskini ni kazi nyingine kabisa, na ina mstari wake. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya utafiti wa mapato na matumizi ya kaya. Katika ule wa 2017/18, mstari wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara uliwekwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, na mstari wa chakula peke yake shilingi 33,748. Aliyeishi chini ya mstari wa kwanza alihesabiwa maskini: walikuwa asilimia 26.4. Aliyekuwa chini ya mstari wa pili hakuweza hata kula vya kutosha: asilimia 8. Mwaka 2007 maskini wa mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 34.4, kwa hiyo hali ilikuwa imesogea.

Mambo mawili ya kukumbuka hapo. Kwanza, wanapima matumizi, hawapimi mshahara. Ugali uliotoka shambani kwako unapewa bei na kuhesabiwa, hata kama hukutoa senti. Ndiyo maana mkulima asiyeshika hela anaweza kuwa juu ya mstari, na kibarua wa mjini anayeshika hela kila siku akawa chini yake. Pili, ukigawa 49,320 kwa siku 30 unapata kama shilingi 1,640. Aliyetumia 1,700 kwa siku wakati ule hakuwemo kwenye hesabu ya maskini. Sidhani kuna mtu aliyekwenda kumpongeza. Mstari ni kama alama ya mafuriko iliyochorwa nguzoni: maji yakiwa sentimita mbili chini ya alama, nyumba bado imelowa.

Ule mstari wa kimataifa, ambao mwaka 2025 ulipandishwa kutoka dola 2.15 hadi dola 3 kwa siku, nao watu huuchukulia vibaya. Hiyo si dola ya duka la kubadilishia fedha. Ni dola iliyorekebishwa kwa bei za kila nchi, ili sahani ya wali maharage ya Mbeya ilinganishwe na chakula cha namna hiyo kwingine. Ukizidisha 3 kwa bei ya dola ya leo utapata kiasi kikubwa kuliko kilichokusudiwa, kisha utaanza kugombana na watu bure.

Kuhusu TASAF nitasema kidogo. Orodha ya kaya maskini huanzia kwenye mkutano wa kijiji, kisha kaya hujazwa kwenye dodoso linaloangalia mambo kama paa, choo, mifugo na idadi ya wategemezi. Jirani yako mwenye ng'ombe mmoja anaweza kuingia na wewe usiye na ng'ombe ukaachwa, kwa kuwa yeye analea wajukuu sita peke yake. Makosa hutokea, na upendeleo upo, lakini ng'ombe mmoja si ushahidi wa wizi.

Maghala yamejaa, mtoto amedumaa

Hili ndilo linaloniuma zaidi, na sitalipita haraka.

Udumavu maana yake ni mtoto wa chini ya miaka mitano kuwa mfupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake, kwa sababu mwili wake haukupata ulichohitaji kwa muda mrefu, hasa katika siku 1,000 tangu mimba itungwe hadi anapotimiza miaka miwili. Si suala la kimo tu. Akili nayo inajengwa katika siku hizohizo. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto nchini wamedumaa. Iringa ilikuwa asilimia 56.9. Njombe 50.4. Rukwa 49.8. Mikoa mitatu ya juu kabisa, na yote mitatu inauza chakula kwa wengine.

Watu wakisikia hivyo husema haiwezekani, takwimu zimekosewa, sisi tunakula tunashiba. Kushiba ni kweli. Mtoto wa mwaka mmoja anayepewa uji wa mahindi meupe na ugali kwa majani ya maboga anashiba. Tumbo lake dogo limejaa mapema, wala halikupata yai, maziwa, maharage yaliyopondwa, samaki au tunda. Na mara nyingi amekula asubuhi na jioni tu, wakati mtoto wa umri ule anahitaji kula kidogo kidogo mara nne au tano.

Kwa nini asile katikati ya siku, na ghala limejaa? Kwa sababu mama yuko shambani. Ameamka kungali giza, amechota maji, amewasha moto, amembeba mtoto mgongoni, amekwenda kilomita kadhaa kupalilia, na akirudi jioni amebeba kuni. Dada wa miaka saba ndiye aliyebaki na mdogo wake. Mayai yapo, lakini yanauzwa ili kununua sabuni na chumvi. Maparachichi yapo, lakini yale mazuri yamekwenda kwenye lori.

Ukiipima kaya ile kwa magunia, inajiweza. Ukiipima kwa paa la bati, inajiweza. Ukiipima kwa saa za mama, ni fukara. Umaskini wa muda hauna mstari unaotangazwa redioni, lakini ndio unaoingia kwenye mifupa ya mtoto. Ndiyo maana mwaka 2010 Umoja wa Mataifa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walianzisha kipimo cha umaskini kinachotazama afya, elimu na hali ya maisha kwa pamoja, badala ya hela peke yake. Hata kipimo hicho hakihesabu saa za mama. Nadhani kingepaswa.

Na hapa niseme neno juu ya uvivu, maana ndiyo hoja ya kwanza mtu anayojibu nayo: maskini ni mvivu. Anayesema hivyo hajaamka Makete saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba. Tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Desemba na Januari chakula kimekwisha nyumbani, na ni wakati huohuo magugu yanapanda. Asiye na chakula anaingia kibarua, anapalilia shamba la mwenye nacho ili jioni arudi na unga. Shamba lake linangoja. Akimaliza la mwenzake, lake limeshazidiwa, na Julai atavuna pungufu, kwa hiyo Januari nyingine chakula kitaisha mapema zaidi. Amefanya kazi kuliko yeyote kijijini, na kazi yake ndiyo iliyojaza ghala la jirani. Zamani mgowe, ule utaratibu wa watu kulima kwa zamu shamba la kila mmoja, uliwaokoa wengi na mtego huu. Palipo na mgowe hadi leo, mtu asiye na hela bado ana mikono ishirini.

Hilo linatupeleka kwenye umaskini ambao haupo tumboni wala mfukoni, bali machoni pa watu. Mjini Mbeya mtu anaweza kula mara tatu kwa siku na bado akajificha anapoona kadi ya mchango wa harusi inakuja. Asipochanga mara tatu mfululizo, siku yake ya msiba atawakuta wachache. Miaka hamsini iliyopita mtoto kwenda shule pekupeku halikuwa jambo la ajabu. Leo pekupeku ni aibu inayomfanya aache shule. Vitu vilevile, enzi tofauti, maumivu tofauti. Huu huitwa umaskini linganishi, nao ni wa kweli, ingawa ndio unaowaponza wengi wakope kausha damu ili waonekane. Gari la mkopo lililoegeshwa mbele ya nyumba ya kupanga halina ubaya wowote kama mwenyewe anajua ni la nani.

Ardhi nayo ina fumbo lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji haki ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila kwa shamba lake. Mwenye hati hiyo ana ushahidi wa kusimama nao mbele ya baraza, mjane asinyang'anywe na shemeji zake, na mara nyingine dhamana ya mkopo. Asiye nayo ana shamba lilelile, udongo uleule, lakini hana usingizi uleule. Nimeona ugomvi wa mpaka ukila ng'ombe wawili wa nauli na mashahidi kabla mahindi hayajafika magotini.

Nirudi kwenye Coaster. Tulipoipita Inyala, kabla sijashuka, nilimgeukia yule mama na kumuuliza misindano ya mzee ina umri gani. Akasema miaka tisa. Je, hajapata mteja? Amempata, akasema, alikuja mtu na gari akitaka kuichukua yote ilivyo, mzee akamwambia haijakomaa. Kikundi kilimpa laki tatu siku ileile aliyoomba, kwa kuwa ameweka hisa miaka mingi na hajawahi kuchelewesha rejesho. Mkewe ametoka hospitali, anaendelea vizuri.

"Na wapo walioiuza ya kwao?" nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo. Akasema yupo jirani mwingine, upande wa pili wa korongo, naye alikuwa na mgonjwa, mwaka juzi. Hakuwa kwenye kikundi. Aliuza ya kwake ikiwa na miaka minne.

"Unaiona ukiwa barabarani," akasema. "Imenyooka hiyo. Yeye ndiye anayeilinda moto, wanamlipa kwa mwezi."